Mhadhiri anayelalamika anabaki, anayesifia kazi anaondoka: kwa nini?

#1 Kihesa_Juu
Kamwene wakuu.

Nina dai moja kuhusu wahadhiri wa vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini, naomba tulichambue. Wengi huamini kwamba mhadhiri akiridhika na kazi atakipenda chuo, na akikipenda chuo atabaki na kufundisha kwa bidii. Ukishuka kwenye idara moja moja, hesabu hiyo haitimii. Yuko anayenung'unika kila kikao, na miaka inakwenda bila kuandika hata barua ya kuomba uhamisho. Yuko mwingine anayeipenda kazi waziwazi, vipindi haachi, skripti za mitihani anarudisha kwa wakati, halafu kabla mwaka wa masomo haujafunguliwa unasikia yuko Dodoma.

Dai langu: kuridhika na kazi ni jambo moja, kujifunga na chuo ni jambo lingine. Tunapima la kwanza tukidhani tumepima la pili. Anayepinga alete hoja.

#2 Mzee wa Uyole
Mshahara. Uzi ufungwe.

#3 Chaki_na_Ubao
Mzee, usifunge kabla hatujafungua hati ya mshahara.

Tuchukue 2,000,000 kama mfano tu, si ya daraja lolote, kwa mtumishi wa chuo cha umma. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 100,000. Zinabaki 1,900,000 za kukatwa kodi: 270,000 za kwanza hazina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 (20,000), hadi 760,000 ni asilimia 20 (48,000), hadi 1,000,000 ni asilimia 25 (60,000), 900,000 za juu ni asilimia 30 (270,000). Kodi yote 398,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 60,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, ni 40,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ni 300,000. Makato jumla 898,000, mkononi 1,102,000.

Sasa weka watu wawili wa daraja moja, ofisi moja, ila mmoja alisoma kwa mkopo wa Bodi na mwenzake hakukopa. Kila mwezi wanapishana 300,000. Kama mshahara ndio jibu lote, huyu mwenye deni angekuwa wa kwanza kuondoka. Lakini aende wapi? Kwenye ajira yoyote rasmi, mwajiri mpya analazimika kuendelea kumkata. Deni linamfuata hadi huko. Kwa hiyo makato yanamuumiza bila kumhamisha. Kiwango cha maumivu ni kitu kimoja, uwepo wa njia ya kutokea ni kingine.

#4 Mama Gangilonga
#3 umeacha kipande muhimu. Utumishi wa umma unataka mtu abaki na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Katika mfano wako theluthi ni 666,667. Mkononi ana 1,102,000, kwa hiyo kuna kama 435,000 kwa mwezi ambayo benki inaweza kuikata. Ndipo mkopo wa nyumba au wa kiwanja unapoingia, miaka kadhaa ya makato kupitia kwa mwajiri. Mwenye mkopo huo akitaka kwenda kwenye ajira ya mkataba au kujiajiri, benki itamuuliza marejesho yatatoka wapi. Huyo ndiye mlalamikaji asiyeondoka wa mleta mada. Chuo hakimpendezi, ila hati ya mshahara imemfunga.

#5 Mtakwimu
Dada wa #4 ameeleza kwa shilingi jambo ambalo watafiti Meyer na Allen waliliandika mwaka 1991. Walisema kujifunga na taasisi kuna sura tatu. Ya kwanza ni ya moyo: nabaki kwa kuwa napapenda. Ya pili ni ya hesabu: nabaki kwa kuwa nikiondoka napoteza. Ya tatu ni ya deni la heshima: nabaki kwa kuwa naona nadaiwa. Watu watatu wanaweza kukaa ofisi moja miaka kumi, kila mmoja kwa sababu yake. Orodha ya mahudhurio itawaonyesha sawa. Utofauti utauona kwenye kazi wanayoifanya bila kusukumwa: kusimamia tasnifu hadi mwisho, kumsaidia mhadhiri mpya kuandaa mtaala, kukaa kwenye kamati isiyo na posho.

Wanafunzi wa uzamili wengi wanachukua dodoso la hao jamaa, lenye maswali 18, halafu wanajumlisha sura zote tatu kuwa namba moja. Hapo ndipo utafiti unapokufa. Aliyefungwa na mkopo na aliyefungwa na mapenzi wanatoka na alama moja.

#6 Kalamu_ya_Risasi
Marekebisho kidogo kwa #5 ili anayenakili asikosee. Nadharia ya sura tatu ndiyo ya 1991. Dodoso la mwanzo lilitoka 1990, maswali 8 kwa kila sura, jumla 24. Hilo la 18, yaani 6 kwa kila sura, ni la 1993, na humo yumo mwandishi wa tatu, Smith. Ukisema umetumia la 1991, mtahini wa nje atakuuliza maswali umeyatoa wapi.

#7 Mtakwimu
Nimekubali, Kalamu. Shukrani.

#8 Mzee wa Uyole
Mmehamia kwa Wazungu, turudini nyumbani. Niliposema mshahara sikumaanisha kiasi peke yake. Kuna kiasi na kuna tarehe. Chuo cha umma mshahara unaingia mwezi haujaisha. Chuo kinachoendeshwa kwa ada kinasubiri wanafunzi walipe, na wanafunzi wengi wanasubiri Bodi ya Mikopo au wanasubiri mahindi na viazi viuzwe. Ikifika Novemba na Desemba, mzazi fedha yake iko kwenye mbegu na mbolea. Ada inachelewa, mshahara nao unachelewa. Mhadhiri anaweza kupenda darasa la watu 40, akampenda mkuu wake anayetoa uamuzi siku hiyo hiyo, na bado akaondoka kwa sababu hawezi kumwambia mwenye nyumba tarehe.

#9 Mlandege
Mzee hapo umenena. Ongeza mchango wa hifadhi ya jamii. Sekta binafsi ni NSSF, jumla asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu. Mchango usipopelekwa, mfanyakazi haoni upungufu wowote mwisho wa mwezi, kwa sababu hati yake inaonyesha amekatwa. Anagundua akiangalia taarifa ya michango. Ushauri wa vitendo: kila baada ya miezi mitatu linganisha hati ya mshahara na taarifa ya NSSF mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo, andika barua kwa mwajiri, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha nenda ofisi ya NSSF ya mkoa na hati zako. Malalamiko ya mdomo hayafiki popote.

Imani ya mtu kwa chuo inavunjika siku anapokuta pengo hilo. Hata likilipwa baadaye, hatakuwa yule wa mwanzo.

#10 Tukuyu_Mvua
Mnatafuta mchawi mbali. Wengi wanaobaki Mbeya na Iringa wamefungwa na ardhi. Mtu ana ekari Kilolo, Njombe au Rungwe, amepanda parachichi aina ya Hass. Mche wa kubebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ukishapanda umejifunga mkataba ambao hakuna chuo kinachoweza kukupa. Hiyo ni sura ya pili ya #5, ila kamba iko shambani.

#11 Chaki_na_Ubao
Tukuyu, kila uzi lazima ufike kwenye parachichi.

#12 Tukuyu_Mvua
Uzi haujakosea njia, kaka. Huku tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei. Kupanda kunaangukia wiki za mwanzo wa semista ya kwanza, na palizi inagonga kipindi cha mitihani yake. Kwa hiyo shamba linalomfanya mtu abaki mkoani ndilo linalompunguzia saa za chuo. Anabaki sana, anajitoa kidogo. Mkuu wa idara akihesabu walioondoka atasema mambo ni mazuri.

#13 Kihesa_Juu
Hili la #12 sikuwa nimeliona. Ndaga, asante. Ila bado hatujamgusa yule anayependa kazi na anaondoka.

#14 Ngazi_ya_Kati
Huyo anaondoka kwa sababu ya kupanda daraja. Naeleza kwa kirefu kwa sababu watu wanasema tu "anacheleweshwa" bila kuonyesha panapochelewa.

Mlango wa kuingilia unajulikana. Tangazo la mhadhiri msaidizi linataka GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Kutoka hapo kwenda mhadhiri lazima uwe na uzamivu (PhD). Kwenda mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kunategemea miaka uliyokaa kwenye daraja, machapisho na tathmini ya ufundishaji.

Njia ya faili ni hii. Unajaza maombi na kuambatisha machapisho. Idara inajadili. Kamati ya shule au ndaki, yaani kitengo cha chuo chenye idara kadhaa, inajadili. Machapisho yanapelekwa kwa wapitiaji wa nje ya chuo, na hapa ndipo miezi inapopotea: mpitiaji ni profesa mwenye kazi zake, malipo ni madogo, na asipojibu lazima atafutwe mwingine na saa inaanza upya. Ripoti zikirudi, suala linakwenda kwenye kamati ya uteuzi, na kwa madaraja ya juu Baraza la Chuo. Barua inatoka. Wengi wanadhani wamefika.

Hawajafika. Cheo kipya lazima kiwe kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, na kwenye bajeti ya mwaka huo, halafu kiingizwe kwenye mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara. Kama ikama ilishafungwa barua ilipotoka, mtu anaitwa mhadhiri mwandamizi mlangoni huku mshahara ni wa mhadhiri. Tofauti hiyo inakuwa malimbikizo, na malimbikizo yanahitaji uhakiki mwingine.

Sasa fikiria mtu mwenye machapisho mazuri. Chuo kingine kinatangaza nafasi ya daraja analolistahili. Akiomba na kupata, anaingia huko moja kwa moja na cheo chake. Kuhama kumekuwa ngazi ya kupandia. Anaipenda kazi, na kwa sababu anaipenda ndiyo maana machapisho yake yanamfungulia mlango. Asiyechapisha hana pa kwenda. Hilo ndilo jibu la #13 kwa maoni yangu.

#15 Mama Gangilonga
#14 kuna la kuongeza kwa wanaosubiri. Faili likirudishwa, sababu za kawaida ni tatu: jarida halitambuliki, barua ya kukubaliwa imeambatishwa badala ya makala yenyewe iliyochapishwa, na mgao wa kazi kati ya waandishi hauko wazi. Makala ya watu watano haihesabiwi kama ya mtu mmoja. Na jarida linalokubali makala ndani ya siku nne kwa malipo, liogopeni. Mtu analipa kwa fedha yake, kisha mpitiaji wa nje anaitupa.

#16 Jioni_Iringa
Halafu ukishakuwa mhadhiri unastaafu ukiwa na miaka 65, kwa nini uharakishe?

#17 Kalamu_ya_Risasi
Hapana, Jioni. Marekebisho ya sheria ya 2018 yaliweka kustaafu kwa hiari miaka 60 na kwa lazima 65 kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa. Mhadhiri wa kawaida lazima yake ni 60 kama watumishi wengine. Kwa hiyo aliyechelewa kuingia uandamizi hakosi mshahara mkubwa tu, anakosa miaka mitano ya kazi. Mtu wa miaka 56 anayesubiri mpitiaji wa nje ana haki ya kukosa usingizi.

#18 Chaki_na_Ubao
Nikubaliane na #14 nusu. Wapo wanaoondoka bila kupanda cheo chochote, wanakwenda kwenye daraja lile lile. Hao tatizo lao ni mzigo wa kazi.

Kozi moja ya lazima yenye wanafunzi 400. Skripti moja ya mtihani wenye maswali ya kujieleza, dakika 10 ukiwa na kasi. Dakika 4,000, yaani karibu saa 67, siku nane na zaidi za kazi bila kufanya kingine. Bado majaribio mawili na kazi moja ya nyumbani. Hata ukizipa dakika 5 kila moja, ni saa 100 nyingine. Huyo ana kozi tatu. Makala ataandika saa ngapi? Ukisema aandike usiku, umeshaeleza kwa nini anaondoka.

Mkuu wa idara anayehesabu "kozi tatu kwa kila mtu" anadhani ametenda haki. Kozi tatu za watu 400 na kozi tatu za watu 35 si mzigo mmoja. Hesabu skripti na idadi ya tasnifu, acha kuhesabu majina ya kozi.

#19 Ngazi_ya_Kati
Hilo la mgawanyo sipingi. Lakini mzigo mkubwa upo na kwa wanaobaki. Mbona wao hawaendi?

#20 Chaki_na_Ubao
Kwa sababu wengine wanapunguza: maswali ya kuchagua jibu, kazi ya vikundi vya watu 20, maswali ya mwaka jana. Anayekataa kupunguza ndiye anayechoka.

#21 Dirisha_Wazi
Mmesahau PEPMIS, mfumo wa kidijitali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Tangu ichukue nafasi ya OPRAS, utaratibu wa zamani wa tathmini, kila mtumishi anagawa kazi zake kuwa kazi ndogo zenye tarehe, anajaza utekelezaji, msimamizi anathibitisha. Kwa kazi ya ofisi inakaa vizuri. Kufundisha nako kunagawanyika: wiki hii mada ya kwanza, wiki ijayo jaribio. Utafiti unagoma. Andiko linaweza kukaa kwa wapitiaji wa jarida miezi minane na mhadhiri hana cha kujaza. Asipojaza alama zinashuka, kwa hiyo anajifunza kupanga kazi ndogo ndogo zinazojazika. Baada ya muda anafanya kinachojazika. Msimamizi mzuri anakubali hatua za katikati: data zimekusanywa, rasimu imekamilika, andiko limewasilishwa. Wasimamizi wengi hawajui kwamba wana uhuru huo.

#22 Kihesa_Juu
Sasa swali la kipimo. Nikitaka kujua haya yote kwa vyuo vinne vya Mbeya na Iringa, nianzie wapi?

#23 Mtakwimu
Anza na neno lenyewe. Dodoso la mtafiti Spector la 1985, la kupima kuridhika na kazi, lina maswali 36 katika maeneo tisa: mshahara, kupanda cheo, msimamizi, marupurupu, kutambuliwa, taratibu za kazi, wenzako, kazi yenyewe na mawasiliano. Ni zuri kwa sababu linatenganisha. Lakini ukilitafsiri kwa kuandika "ninaridhika na mshahara wangu", umeingia mtegoni. Kwa Mswahili kuridhika ni adabu, ni kushukuru kwa ulichojaliwa. Mtu mwenye shida tupu anakwambia "nimeridhika" kwa sababu kukataa kunamfanya aonekane mtovu wa shukrani. Uliza "mshahara huu unatosha kwa kazi ninayofanya". Mpe mtafsiri mwingine arudishe Kiingereza bila kuona asili, mlinganishe. Jaribu kwa watu 20 au 30 wa chuo ambacho hakimo kwenye utafiti.

#24 Kalamu_ya_Risasi
Maswali 19 kati ya 36 hayo yameandikwa kinyume, yaani kukubali ni dalili ya kutoridhika. Geuza alama kabla ya kujumlisha. Wengi wanasahau, kigezo cha Cronbach, kinachopima kama maswali yanakubaliana, kinatoka chini ya 0.7, halafu wanalaumu wahojiwa.

#25 Mama Gangilonga
Na usimpe mkuu wa idara akukusanyie. Angalia pia ukurasa wa taarifa binafsi. Idara ina watu sita. Umeuliza jinsia, umri, daraja, idara na miaka kazini. Mwanamke mhadhiri mwandamizi ni mmoja tu, umeshamtaja kwa jina bila kuandika jina, na yeye anajua. Atakujibu "nakubali" kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Unganisha idara kuwa ndaki, madaraja yawe mawili tu, umri uache kama hauhitaji. Weka sanduku lenye kufuli maktaba, bahasha zote za rangi moja.

#26 Dirisha_Wazi
Tena dodoso linamfikia aliyebaki tu. Walioondoka hawamo. Tafuta barua za kuacha kazi na za uhamisho za miaka mitano kama chuo kitaruhusu, halafu uwafuate huko walikokwenda. Waulize tarehe waliyoanza kutafuta kazi nyingine na kilichotokea mwezi ule. "Sababu" waliyoandika kwenye barua huwa ni ya heshima tu.

#27 Mzee wa Uyole
Mwezi ule mshahara ulichelewa.

#28 Ngazi_ya_Kati
Au faili lilirudishwa, Mzee.

#29 Tukuyu_Mvua
Na walio shamba mtawapata wapi? Dodoso lisambazwe Juni baada ya mavuno kuanza, si Desemba.

#30 Kihesa_Juu
Juni semista ya pili inaelekea mwisho, watakuwa kwenye mitihani na skripti za #18. Nafikiria wiki ya tatu ya semista hiyo, Aprili. Mwenye ratiba za vyuo vya Mbeya aziweke hapa tulinganishe.